Picha Niliyoifuta

Kazi yangu inanikutanisha na nyuso za marehemu kila wiki. Nina steshenari ndogo Kigera, hapa Musoma: kompyuta moja, printa mbili, na mashine ya fotokopi inayokwama kila karatasi zikipata unyevu wa ziwa. Watu huja kutoa nakala za vyeti, wengine kupiga pasipoti saizi, na haipiti wiki hajaja mtu mwenye macho mekundu anayetaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Namwuliza, una picha gani? Ananitolea kadi ya mpiga kura. Au picha ya harusi ya zamani, marehemu yuko mstari wa nyuma, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu. Nakaa, nakata, navuta, naongeza mwanga, mpaka anatoka mtu wa kueleweka. Wanashukuru. Wakishaondoka najisemea, huyu naye kaenda na uso wa kitambulisho.

Niliapa mama yangu hataenda hivyo.

Shida ilikuwa macho yake. Aliishi kijijini, upande wa Butiama, na miaka yake ya mwisho mwanga ulimchoma kama pilipili. Nje hakuweza kufumbua macho. Ndani alitundika kanga dirishani, kanga mbili, moja juu ya nyingine, akawa anashinda chumbani kwake kwenye giza la saa nane mchana. Nilijaribu kumpiga na simu yangu ya zamani, ikatoka picha nyeusi yenye punje punje, mama haonekani wala kitanda hakionekani. Nikawasha taa ya simu. Akapiga kelele, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akaniuliza kama nataka kummalizia hayo macho yaliyobaki. Sikurudia tena.

Ndiyo nikaenda Bunda kununua simu nyingine. Nilikuwa nimesikia kuna simu zinazopiga gizani bila taa, lakini mimi ni mbishi, matangazo siyaamini. Muuzaji alichoka na maswali yangu, akaniambia, "Twende stoo, mama, ukajionee." Stoo haikuwa na dirisha. Akafunga mlango, nikawa sioni hata kidole changu. Akasema, "Tulia usitikisike," na kwenye kioo kikatokea kiduara kinahesabu sekunde kurudi nyuma. Tatu, mbili, moja. Akanionyesha. Nikaona maboksi, ufagio, ndoo yenye mpini uliokatika, na mimi mwenyewe katikati, macho yamenitoka, naangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilikuwa sijawahi kujiona navyokuwa nikidhani sionekani.

"Haipigi moja," alinieleza. "Inapigaga nyingi haraka haraka, halafu inazigandamiza zinakuwa moja. Kilichotulia kinatoka safi. Kinachotembea kinaharibika."

Nikainunua.

Kabla sijasimulia siku yenyewe, lazima nimseme mama mdogo. Ni mdogo wake mama, tumbo moja, walikuwa wawili tu. Aliolewa Kiriba, kwa wavuvi na walima mihogo. Bibi yangu, yaani mama yao, aliugua akiwa huko kwake, akafia huko, miaka kumi na moja kabla ya hii simu. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na simu ya mama ilikuwa imezima chaji siku mbili. Wale wa Kiriba wakasubiri siku moja, siku ya pili wakazika. Kwetu kaburi la mzazi linamsubiri mtoto wa kwanza, hata kama atakuja kwa magoti. Mama alifika siku ya tatu, viatu mkononi, akakuta udongo umeshawekwa. Bibi hakuwa na picha hata moja duniani. Mama akamwangalia mdogo wake, akamwambia, "Sasa mimi nitamkumbuka na sura gani?" Akageuka, akarudi Butiama siku hiyo hiyo. Hawakusemezana tena.

Kwa hiyo nilipomweleza mama habari ya simu hakubisha sana. Alikuwa ameanza kuisha, shingo imekuwa nyembamba, pete inamvuka kidoleni. "Piga," alisema. "Msije mkanitafuta."

Nilikwenda mchana wa mawingu, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na bati bado linadondosha. Mtu mwingine hakuwepo nyumbani. Chumba cha mama kinatokea sebuleni, na mlangoni kuna pazia tu. Sebule nayo ilikuwa giza, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya mvua, mlango wa nje tu tumeusindika. Nikamkalisha mama kitandani, nikamfunga kichwani kitambaa chake cheupe cha jumuiya ya kanisani, nikamweka vizuri kola. Nikaegemea ukuta ili mkono usitetemeke. Nikamwambia, "Mama, ni sekunde tatu tu. Usipepese, usiongee, usigeuke."

Nikabonyeza. Tatu.

"Hodi!" Sauti ya mwanamke, kutoka uani.

Mama akageuza uso pale pale, akafungua mdomo. Nani asingegeuka? Mtu mzima wa kwetu hodi haiachi ipite. Nikamkatiza kabla neno halijatoka: "Mama! Nyamaza, usijibu. Umeshaharibu."

Nikaangalia picha. Kila kitu kimetoka, kitanda, rozari ukutani, mpaka maua ya kanga za dirishani. Mama peke yake ndiye alikuwa na vichwa viwili. Kimoja kinaniangalia mimi, chepesi, unaona ukuta nyuma yake. Kingine kimeelekea mlangoni, mdomo wazi. Nilicheka, nikamwonyesha, naye akacheka kidogo kwa kuona nacheka. Halafu nikaifuta. Mimi nafanya kazi ya picha, picha mbaya siiweki.

Nikaanza kujipanga upya. Hodi ya pili ikapigwa, sasa ndani ya sebule. Mtu alikuwa ameshaingia. Nikamwinulia mama kidole, nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini, nasema hapa ili nisijitetee: "Usijibu. Kaa kimya kabisa."

Nikabonyeza. Tatu. Hodi ya tatu ikaja karibu na pazia, ya taratibu, haikuwa ya kuita tena, ilikuwa kama ya kuomba. Mbili. Mama hakutikisika. Moja. Alikuwa ameniangalia mimi, mdomo umefungwa, macho makavu, mkono mmoja juu ya mwingine.

Ikatoka picha ambayo katika miaka yangu yote ya kazi sijaona inayofanana nayo. Kila kunjo la uso lilikuwepo. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nilimsogezea simu, nikapunguza mwanga wa kioo ili usimuumize, akaiangalia muda mrefu. "Sawa," akasema. "Hiyo ndiyo mimi." Halafu akaniuliza, "Aliyepiga hodi ameondoka?"

Nikachungulia sebuleni, nikachungulia uani. Hapakuwa na mtu. Nikafikiri ni jirani alitaka chumvi. "Ameondoka," nikamjibu.

"Haya," alisema mama, akajilaza.

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Picha yake niliitoa mwenyewe, kubwa, nimekata uso na mabega tu, nikaiweka kwenye fremu ya dhahabu. Watu waliisifia msibani mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Mama mdogo alikuja. Alikaa mbali, karibu na zizi, pamoja na wapita njia. Ulipofika muda wa kutoa heshima za mwisho watu wakapanga mstari, yeye hakunyanyuka. Wanawake wakaanza kunong'ona. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia, kwamba kuna watu hata kifo hakiwapunguzii maringo. Nikapita mbele yake bila kumwamkia. Mimi, mtoto wa dada yake. Kaburi lilipofukiwa nikatazama zizini, hayupo.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja binti yake, ambaye ni rika langu, akaingia dukani kutoa nakala za vyeti vya mwanawe. Nikamchokoza wakati mashine inapata moto. "Mama mdogo hajambo? Ameshapata nafasi ya kumlilia dada yake?"

Akaweka makaratasi mezani. "Dada, usiongeage hivyo. Mama alikuja kumwona akiwa mzima."

"Alikuja lini?"

"Siku ya mvua. Alisikia kwamba mama mkubwa anaisha. Hakutuaga, alichukua pikipiki mpaka mjini, akapanda gari. Amebeba na samaki. Anasema alipiga hodi akasikia wewe uko ndani, unamwambia mama mkubwa asijibu. Akajua mmemwona dirishani. Akapiga ya pili, ukasema tena. Akapiga ya tatu, akanyamaziwa." Alikuwa ananiangalia usoni. "Hodi tatu, dada. Angefanyaje? Alirudi na samaki zake."

Nilimpa nakala zake, na chenji nadhani nilikosea. Alipotoka nikageuza kibao cha mlangoni, nikafungua picha kwenye kompyuta. Siyo ile ya fremu. Ile nzima, niliyokuwa sijaiangalia tena tangu nilipoikata.

Mama yuko katikati. Kulia kwake ni mlango na pazia. Pazia letu halifiki chini, linaacha nafasi ya kama shubiri moja na nusu. Pale, mahali ambapo mimi kwa macho yangu siku ile niliona weusi tu, simu ilikuwa imeona miguu miwili. Ndala za bluu, moja imeungwa kwa waya. Pindo la kitenge lililolowa. Na kando ya mguu wa kulia, kikapu kimewekwa chini, kama mtu anavyokiweka akiwa na hakika atakaribishwa.

Ile miguu haikuwa na ukungu wowote. Vidole vyote kumi unahesabu. Mama mdogo alikuwa amesimama pale bila kutikisika sekunde zote tatu, akisubiri, na dada yake ameketi hatua nne kutoka kwake, ametulia vile vile, kwa sababu nimesema mimi. Nilishika kipanya cha kompyuta nikapunguza mwanga wa ile picha mpaka ukawa mwanga wa kweli wa chumba kile. Miguu ikazama. Nikaurudisha. Ikasimama tena pale paziani. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui kwa nini. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chenye pazia naangalia kwanza chini.

Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: mama mdogo asibaki anaamini dada yake alimkataa. Na ushahidi ulikuwepo. Ile picha ya vichwa viwili. Mama amegeuka, mdomo wazi, anakwenda kusema karibu. Ningemwonyesha hiyo tu, basi. Nikafungua pipa la simu, pale zinapokaa zilizofutwa. Zinakaa siku thelathini. Nilikuta picha za risiti na picha ya kidole changu. Siku thelathini zilikuwa zimeshapita, na nane zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilifikiria kuitengeneza. Naweza, nimeshawavalisha suti marehemu ambao hawakuwahi kuvaa suti. Nilichukua picha ya mama iliyobaki nikaanza kumgeuza kichwa. Nilikaa nayo jioni nzima. Lakini sikuwa na picha ya mama ya upande, hata moja, na uso niliokuwa nauumba ulianza kuwa wa mwanamke mwingine, mgeni, aliyefungua mdomo kwenye chumba cha mama yangu. Niliogopa kwelikweli. Nikafunga kompyuta bila kuhifadhi.

Jumapili baada ya misa nikapanda pikipiki kwenda Kiriba. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini nyuma ya jiko, anamenya mihogo. Nilipiga hodi nikiwa bado mbali. Akajibu papo hapo, "Karibu!" kabla hajaona ni nani, na aliponiona hakulibadilisha neno, lakini kisu kilisimama.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa chini, siyo kwenye kiti alichonionyesha. Nikamwomba msamaha wa msibani. Akasema yameisha. Nikamwambia naomba nimweleze siku ya mvua. Akaendelea kumenya. Nikamweleza yote, sekunde tatu, kiduara kinachohesabu, macho ya mama, kwa nini asingeweza kupepesa wala kuongea. Nikamwambia mama aligeuka ile hodi ya kwanza, alifungua mdomo, mimi ndiye nilimzuia. Ilikuwa picha tu. Nikamwambia nilikuwa na ushahidi nikaufuta kwa mkono wangu.

"Na hiyo nyingine unayo?"

Nilikuwa nimeomba asiulize. Nikampa simu. Aliifuta kioo kwa kitenge, akaisogeza mbali kidogo, akaikazia macho. Nikaona kidole chake chenye utomvu wa muhogo kinatembea kutoka kwa mama, taratibu, mpaka kwenye pazia. Kikasimama.

"Hizi ni ndala zangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hapa nimeshaita mara tatu."

"Ndiyo."

"Na yeye huyu hapa."

"Nilimwambia asijibu, mama mdogo. Alinitii mimi. Hakujua ni wewe."

Aliinua uso. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Mwanangu," alisema, "mama yako nimelala naye kitanda kimoja mpaka siku anaolewa. Baba alikuwa anamwambiaga nyamaza, anaongea. Alikuwa anachapwaga huku anaongea. Padri alimfukuza mafundisho kwa kuongea. Hakuna mtu aliwahi kumwambia nyamaza akanyamaza. Na sauti yangu anaijua kuliko ya kwake."

Nilitaka kusema alikuwa mgonjwa, alikuwa mzee, watu hubadilika. Nilitaka kusema aligeuka, nimeona. Lakini kugeuka aligeuka hodi ya kwanza, kabla hajaitambua sauti, na kati ya hodi ya kwanza na ya tatu kulikuwa na muda wa kutosha kutambua. Kwa mara ya kwanza ikanijia kwamba sikumzuia mtu siku ile. Au nilimzuia. Nilimwangalia mama kwenye kioo, kila kunjo lipo, na sikuweza kusoma kitu.

Mama mdogo hakunirudishia simu. Alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili.

"Hii naweza kupata ya karatasi?"

Nikamwambia nitamletea, kubwa, na fremu, kama ile ya msibani.

"Ile ulikata," alisema. "Hii usikate. Sisi hatujawahi kuwa na picha tuko wawili."

Nikamwuliza angependa kuitundika wapi, nijue saizi. Akaonyesha kwa kisu upande wa chumba chake.

"Pale ninapolala," alisema. "Nitakuwa namwuliza."